Uchambuzi wa kisa: Chanjo ya Abbottabad na milango iliyofungwa

## Kisa kwa ufupi

Mapema mwaka 2011 Shirika la Ujasusi la Marekani (CIA) lilimtumia daktari mmoja wa Pakistan kuendesha kampeni ya chanjo ya homa ya ini aina ya B katika mji wa Abbottabad. Dawa iliyokuwa ndani ya sindano ilikuwa chanjo halisi. Lakini waliogharimia kampeni hiyo hawakuwa na haja na afya ya watoto wa Abbottabad. Walitaka mtu aingie katika nyumba moja yenye kuta ndefu, achome sindano, kisha atoke na chembe za damu ambazo zingeonyesha kwa vinasaba kama jamaa za Osama bin Laden wanaishi humo. Kwa taarifa zilizojitokeza baadaye, damu hiyo haikupatikana. Bin Laden aliuawa na makomando wa Marekani usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2011, kwa ushahidi uliokusanywa kwa njia nyingine. Wiki kumi baadaye habari za chanjo zikachapishwa magazetini, na gharama yake ikaanza kulipwa na watu ambao hawakuwahi kuulizwa.

Wanaochambua chuki dhidi ya mataifa makubwa kwa kawaida huanza na mapinduzi na vita: Iran 1953, Guatemala 1954, Irak 2003. Si vibaya kuanza huko. Ila matukio ya ukubwa huo yana wahusika wengi mno, na kila msomaji hufika akiwa ameshachagua upande. Kisa cha Abbottabad ni chembamba. Kina uamuzi mmoja unaoweza kufuatwa hatua kwa hatua, kutoka ofisi ya majasusi hadi kizingiti cha nyumba ya mzazi.

Majina ya daktari, wauguzi, familia na shirika la misaada lililoguswa nimeyaacha. Wanaotajwa ni viongozi na watu ambao nafasi zao zilikuwa za wazi.

## Mazingira kabla ya uamuzi

Kabla ya 2011 hisia za Wapakistan kuhusu Marekani hazikuwa za rangi moja. Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 70,000 kaskazini mwa nchi, na wilaya ya Abbottabad ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Helikopta za Kimarekani aina ya Chinook zilipeleka mahema na chakula milimani na kurudi na majeruhi. Wachumi Tahir Andrabi na Jishnu Das walirudi miaka minne baadaye kuzihoji kaya za eneo hilo. Walikuta kwamba watu waliokaa karibu na ufa wa tetemeko, ambako wageni walifika kwa wingi, waliwaamini wageni hao kuliko waliokaa mbali. Nalitaja hili mapema kwa sababu hujibu dai linalorudiwa sana, kwamba watu wa maeneo haya wanaichukia Marekani kwa dini yao au kwa desturi yao na hakuna la kufanya. Walikuwa wakiipima kwa matendo waliyoyaona, na walipoona jema walilikumbuka.

Upande wa pili zilikuwepo ndege zisizo na rubani, yaani droni. Shambulio la kwanza katika maeneo ya makabila lilifanyika mwaka 2004 huko Waziristan Kusini, na kufikia 2010 mashambulizi yalikuwa yamefikia kilele. Serikali ya Marekani haikuyakiri waziwazi, na serikali ya Pakistan iliyalaani mbele ya watu huku ikiyaridhia faraghani. Kisha ukaja mwaka 2011 wenyewe. Mwezi Januari mkandarasi wa CIA aliwapiga risasi na kuwaua wanaume wawili mjini Lahore. Tarehe 16 Machi aliachiwa baada ya familia za marehemu kulipwa diya. Siku iliyofuata droni zilishambulia mkutano wa wazee huko Datta Khel, Waziristan Kaskazini, waliokuwa wamekaa kusuluhisha mgogoro wa mgodi, na watu wapatao 40 wakauawa. Ni mwezi huohuo wa Machi ambapo wachanjaji walianza kupita katika vitongoji vya Abbottabad.

Jambo la tatu ni polio. Wakati huo dunia ilikuwa karibu kuumaliza ugonjwa huo. India, jirani mwenye watu wengi zaidi, ilipata mgonjwa wake wa mwisho Januari 2011. Pakistan mwaka huo ilikuwa na wagonjwa 198, wengi kuliko nchi yoyote duniani. Njia ya kuumaliza ilijulikana: mchanjaji aende nyumba kwa nyumba, kila mtoto wa chini ya miaka mitano apewe matone, kidole chake kitiwe wino, na ukuta wa nyumba uandikwe kwa chaki ili timu inayofuata ijue. Kisha zoezi lote lirudiwe, tena na tena.

Uvumi nao ulikuwa mkongwe. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha chanjo ya polio kwa madai kwamba ni hila ya Wamarekani ya kuwafanya Waislamu wawe tasa. Katika bonde la Swat, Pakistan, Maulana Fazlullah alihubiri dhidi ya matone hayo kupitia redio yake ya FM, na mwaka 2007 afisa wa afya aliuawa kwa bomu la barabarani huko Bajaur akitoka katika kazi ya chanjo. Wahudumu walikuwa na jibu moja kwa maneno yote hayo, nalo lilikuwa la kweli: wamekuja kwa ajili ya mtoto na hawana jambo jingine.

## Mfuatano wa matukio

Daktari aliyetumiwa alikuwa mtumishi wa serikali, msimamizi wa huduma za afya katika eneo la makabila la Khyber. Abbottabad haikuwa eneo lake. Alifika mji huo akieleza kwamba amepata fedha za kutoa chanjo ya homa ya ini bila malipo. Aliwapita viongozi wa afya wa wilaya na kuwaendea moja kwa moja wahudumu wa ngazi ya chini, akawalipa vizuri. Wahudumu hao hawakujua lengo. Mabango yalibandikwa mjini.

Ili kampeni ionekane ya kawaida, ilianzia Nawa Sher, sehemu ya watu wenye kipato kidogo. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa dozi tatu, na ya pili hufuata baada ya mwezi hivi. Mwezi ulipotimia, timu haikurudi Nawa Sher. Ilihamia Bilal Town, mtaa wa watu wenye uwezo, ilipokuwa nyumba iliyolengwa, umbali mfupi kutoka chuo cha maafisa wa jeshi cha Kakul. Inaripotiwa kwamba muuguzi mmoja alifanikiwa kuingia ndani ya ua. Baada ya hapo hakuna ushahidi uliowahi kutolewa kwamba sampuli ilipatikana.

Uvamizi ulifanyika Mei. Wiki tatu baadaye idara ya usalama ya Pakistan ilimkamata daktari. Tarehe 11 Julai gazeti la The Guardian la Uingereza likaandika kisa kizima. Januari 2012 Leon Panetta, aliyekuwa mkuu wa CIA wakati wa operesheni na ambaye kufikia hapo alikuwa waziri wa ulinzi, alikiri kwenye televisheni ya Marekani kwamba daktari huyo alisaidia kwa taarifa. Mei 2012 mahakama ya kikabila ilimhukumu kifungo cha miaka 33. Shtaka lililoandikwa halikuwa la kuisaidia CIA, bali la kushirikiana na kundi la wapiganaji. Ndani ya siku chache kamati ya Seneti ya Marekani ilipiga kura kukata dola milioni 33 za misaada kwa Pakistan, milioni moja kwa kila mwaka wa kifungo.

Mwezi uliofuata, Juni 2012, kamanda wa wapiganaji Hafiz Gul Bahadur wa Waziristan Kaskazini alitangaza kwamba hakuna mtoto atakayepewa matone ya polio mpaka mashambulizi ya droni yakome, akataja pia hofu ya majasusi wanaojificha nyuma ya chanjo. Mullah Nazir wa Waziristan Kusini akafanya vivyo hivyo. Watoto zaidi ya laki mbili wakawa nje ya chanjo kwa amri ya wanaume wawili wenye bunduki.

Septemba serikali iliwaamuru wafanyakazi wa kigeni wa shirika moja kubwa la kusaidia watoto waondoke nchini, kwa sababu daktari aliwaambia wachunguzi kwamba watu wa shirika hilo ndio waliomkutanisha na CIA. Shirika lilikanusha. Desemba 2012, ndani ya siku tatu, wahudumu tisa wa kampeni ya polio waliuawa katika mashambulizi yaliyoanzia Karachi na kufika Peshawar na maeneo ya jirani. Wengi wao walikuwa wanawake, baadhi wakiwa wasichana wadogo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakasimamisha kazi zao za nyumba kwa nyumba.

## Maamuzi na sababu zake

Ni rahisi kuuita uamuzi huu upumbavu na kuishia hapo. Tukifanya hivyo hatujifunzi kitu, kwa hiyo tuzipime sababu zake kama walivyozipima wenyewe.

Sababu ya kwanza ilikuwa mashaka. Nyumba ilikuwa imetazamwa kwa miezi. Haikuwa na simu wala intaneti, takataka zake zilichomwa ndani, na mtu mmoja mrefu alionekana akitembea uani bila kutoka nje kamwe. Hata hivyo hakuna aliyeweza kuapa kwamba ni yeye, na Rais Barack Obama alieleza baadaye kwamba uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Kuingiza makomando bila ruhusa katika nchi yenye silaha za nyuklia, kisha wakute familia ya mfanyabiashara, lilikuwa jambo la kuangusha serikali. Wamarekani walikumbuka jinsi jaribio la kuwaokoa mateka Iran mwaka 1980 lilivyoishia jangwani kwa vifo vya wanajeshi wanane. Tone la damu lingeondoa mashaka hayo.

Sababu ya pili ni kwamba Pakistan haikuaminiwa kutunza siri. Kwa hiyo njia ya kawaida, ya kuiomba polisi ya mshirika ifanye upekuzi, ilifungwa tangu mwanzo.

Sababu ya tatu ndiyo kiini cha kisa. Kwa nini chanjo? Kwa sababu katika jamii ambazo wanawake hukaa faragha, mwanamume mgeni hapiti geti, awe fundi au mgeni wa heshima. Mhudumu wa afya mwanamke hupita. Haki hiyo ya kupita ilijengwa na wanawake wenyewe. Pakistan ilianzisha mpango wa wahudumu wa afya wa kike wa ngazi ya jamii mwaka 1994, na kwa miaka 17 wanawake hao walibisha hodi na kusikiliza, wakapima uzito wa watoto na kushauri wajawazito, mpaka familia zikazoea kuwafungulia. CIA iliona mlango ulio wazi ikauingia. Haikuwa imeufungua yenyewe, na haikuwaomba walioufungua. Ilikopa kwa jina la mtu mwingine, na deni lilipoiva, mkopaji alikuwa ameshaondoka nchini kwa helikopta.

Baada ya siri kuvuja yalifuata maamuzi mengine, na kwangu haya ndiyo yenye lawama zaidi, maana hayakufanywa gizani. Maafisa wa Marekani walitetea mbinu hiyo kwa kusema kwamba anayesakwa ni gaidi mkubwa kuliko wote na kwamba chanjo ilikuwa halisi. Panetta alizungumza hadharani akitaka kumsaidia daktari aliyefungwa. Nia yake inaeleweka. Lakini kwa mzazi wa Peshawar, waziri wa ulinzi wa Marekani alikuwa amethibitisha kwa kinywa chake mwenyewe kwamba anayekuja na sindano anaweza kuwa ametumwa na majasusi. Seneti nayo, kwa kukata milioni 33, ilionyesha kwamba katika kisa hiki mtu mmoja tu ndiye aliyehesabiwa kuwa ameumizwa. Watoto wa Nawa Sher waliokosa dozi ya pili hawakutajwa katika kura hiyo.

Pakistan ilikuwa na maamuzi yake pia. Tume iliyoundwa kuchunguza mambo ya Abbottabad iliandika ripoti kali juu ya uzembe wa jeshi na serikali. Ripoti hiyo ilivuja mwaka 2013 bila kuwa imetolewa rasmi. Aliyeonekana akiadhibiwa ni daktari, pamoja na wahudumu wa kike wa Abbottabad waliofukuzwa kazi kwa kushiriki kampeni ambayo hawakuijua. Kuwafukuza hao kulikuwa dhuluma, na kulipeleka ujumbe mbaya: hata dola lao liliwaona kama washukiwa.

## Matokeo

Mwaka 2012 wagonjwa wa polio Pakistan walishuka hadi 58. Namba hiyo inatajwa na wanaosema kwamba kisa cha Abbottabad hakikuleta madhara. Lakini virusi vya polio havifuati kalenda ya magazeti. Watoto waliofungiwa Waziristan kuanzia Juni 2012 walikuwa kuni zilizorundikwa tu: mwaka 2013 wagonjwa walikuwa 93, na mwaka 2014 wakafika 306, idadi kubwa kuliko zote kwa zaidi ya miaka kumi. Virusi vyenye asili ya Pakistan vilipatikana Syria mwaka 2013, katika nchi iliyokuwa haijaona polio tangu miaka ya tisini. Tarehe 5 Mei 2014 Shirika la Afya Duniani lilitangaza polio kuwa dharura ya afya ya kimataifa, na Wapakistan wakatakiwa waonyeshe cheti cha chanjo kila wanaposafiri nje.

Kuhusu imani yenyewe, utafiti wa Monica Martinez-Bravo na Andreas Stegmann ndio ulio wazi zaidi. Walilinganisha wilaya za Pakistan kabla na baada ya Julai 2011. Katika wilaya zenye wafuasi wengi wa vyama vya Kiislamu, viwango vya chanjo vilishuka kwa asilimia 23 hadi 39 zikilinganishwa na wilaya zenye wafuasi wachache. Haikuwa polio peke yake. Wazazi waliacha pia chanjo za surua na za magonjwa mengine ambayo hayakuhusiana kwa vyovyote na kampeni ya Abbottabad.

Katika kura ya maoni ya taasisi ya Pew mwaka 2012, asilimia 74 ya Wapakistan walisema Marekani ni adui. Miaka mitatu kabla walikuwa 64. Ongezeko hilo haliwezi kubebeshwa chanjo peke yake. Mwaka 2011 ndio uliokuwa na Lahore, Datta Khel, uvamizi wenyewe, na Salala, ambako mwezi Novemba ndege za NATO ziliua wanajeshi 24 wa Pakistan.

Tangu Desemba 2012 wachanjaji wa polio na polisi wanaowalinda zaidi ya 100 wameuawa. Kampeni hadi leo hutembea na askari, na askari hao ndio sasa hulengwa zaidi.

## Uchambuzi

Swali gumu ni la uhusiano wa chanzo na matokeo. Bahadur angeweza kuzuia chanjo bila kisa cha Abbottabad, kwani sharti lake kuu lilikuwa droni. Uvumi ulikuwepo, na mauaji yalikuwepo tangu 2007. Ni wapiganaji walioua wasichana wa Karachi. Mkono wao usifichwe nyuma ya mkono wa CIA. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu uchambuzi unaobebesha taifa moja mabaya yote huwasamehe wauaji na hauwasaidii wahanga.

Kilichobadilika Julai 2011 ni kitu kingine. Kabla ya hapo, mzazi aliyesikia uvumi alikuwa na sababu ya kuupuuza: hakuna aliyewahi kuthibitisha. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Safari hii lilikuja kweli. Uvumi mmoja ulipothibitishwa, mamia ya mengine yalipata hadhi ambayo hayakustahili. Aliyehubiri kwamba matone huleta utasa alikuwa bado anasema uongo, lakini sasa alikuwa na ukweli mmoja wa kuanzia hotuba yake, na ukweli huo aliupewa na Washington. Mhudumu mlangoni hakuweza tena kusema kwamba mambo hayo hayajawahi kutokea. Kabla ya hapo alitetea chanjo tu. Sasa ilimbidi ajitetee mwenyewe kwanza.

Hapa ndipo takwimu za Martinez-Bravo na Stegmann zinapoeleweka. Imani haikushuka kila mahali sawa. Ilishuka pale ambapo tayari kulikuwa na watu wenye sauti, walio tayari kuitumia habari hiyo. Sera ya nje haiangukii ardhi tupu; kila nchi ina wanasiasa, wahubiri na makamanda wanaongoja hoja. Taifa linalotenda nje huwa linachagua, bila kujua, ni nani kati ya hao atakayepata nguvu kesho. Katika kisa hiki aliyepata nguvu ni yule ambaye Marekani ilikuwa inapigana naye.

Kuhusu hesabu ya gharama, kosa halikuwa kwamba wapangaji walipima wakakosea. Kwa yote yaliyojulikana baadaye, upande huo wa mizani haukuwekewa kitu. Waliokaa mezani walihesabu hatari kwa makomando, kwa rais, kwa siri, na kwa uhusiano na jeshi la Pakistan. Hakukuwa na mtu wa kuuliza nini kitampata mhudumu wa Karachi siri ikivuja. Na siri hii isingeweza kudumu: operesheni yenyewe ilikuwa lazima ijulikane dunia nzima, na idara ya usalama ya nchi iliyovamiwa ilikuwa lazima ichunguze kila aliyegusa nyumba ile. Mbinu inayotegemea siri ndani ya tukio lisiloweza kuwa siri ilipaswa kukataliwa kwa sababu hiyo peke yake, hata kabla ya kufika kwenye maadili.

Kuacha dozi za Nawa Sher nusu njiani ni jambo dogo kifedha, na kwangu ndilo linalofichua zaidi. Ingegharimu kidogo sana kurudi na kumaliza. Kutorudi kulithibitisha kwamba wale watoto walikuwa pazia. Watu husamehe taifa kubwa kwa kufuata maslahi yake. Kila mtu anajua mataifa hufanya hivyo. Ni vigumu zaidi kusamehe kugundua kwamba mtoto wako alitumiwa kama pazia, na kwamba aliyemtumia hakumwona.

Yapo yaliyofanya kazi. Juni 2014 jeshi la Pakistan liliingia Waziristan Kaskazini, na watu wapatao milioni moja wakakimbia. Katika mateso hayo, timu za afya zilisimama kwenye vizuizi vya barabarani na kuwachanja watoto waliokuwa wamefungiwa kwa miaka miwili. Wanazuoni walitoa fatwa za kuunga mkono chanjo, akiwemo Maulana Sami ul Haq, mtu ambaye ukaribu wake na Taliban ulifanya neno lake lisikike kule ambako neno la waziri halisikiki. Wanawake wa mtaa huohuo waliajiriwa kuchanja mtaa wao. Wagonjwa walishuka hadi 54 mwaka 2015 na wanane mwaka 2017. Yote haya yalifanywa na Wapakistan, kwa subira, na hakuna hata moja lililohitaji kampeni ya kusafisha jina la Marekani.

Lakini jeraha halikufunga vizuri. Aprili 2019 uvumi ulisambaa Peshawar kwamba watoto wamezimia baada ya kupewa matone. Maelfu walikimbizwa hospitalini wakiwa hawana ugonjwa, kituo cha afya kikachomwa moto, na mwaka huo wagonjwa wa polio wakawa 147. Mwaka 2024 walikuwa 74.

## Ahadi ya 2014 na mipaka yake

Januari 2013 wakuu wa vyuo 12 vya afya ya jamii vya Marekani walimwandikia Rais Obama wakipinga matumizi ya chanjo kwa ujasusi. Jibu lilitoka Mei 2014, likiwa limetiwa saini na Lisa Monaco, mshauri wa rais wa masuala ya ugaidi. Alieleza kwamba tangu Agosti 2013 mkuu wa CIA ameagiza shirika hilo lisitumie programu za chanjo wala wachanjaji katika operesheni zake, na lisitafute vinasaba vilivyopatikana kupitia programu hizo, popote duniani na kwa raia wa nchi yoyote.

Ni ahadi njema, na waliopigania ipatikane walifanya kazi ya maana. Ila itazame ilivyotolewa. Ilikuja karibu miaka mitatu baada ya kisa kujulikana, na ilikuwa jibu kwa barua ya Wamarekani. Wazazi wa Abbottabad hawakuandikiwa, wala wahudumu waliofukuzwa, wala familia za waliouawa. Linganisha na Salala. Baada ya wanajeshi wale 24 kuuawa, Pakistan ilifunga njia za kupitishia mizigo ya NATO kwenda Afghanistan, na Julai 2012 Hillary Clinton, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, akampigia simu waziri mwenzake wa Pakistan na kusema Marekani inasikitika kwa hasara hiyo. Njia zikafunguliwa. Jeshi lilipata neno la pole kwa sababu lilikuwa na barabara ya kufunga. Wazazi hawakuwa na barabara. Walichoweza kufunga ni milango yao, na waliifunga, na waliodhurika ni watoto wao wenyewe.

Mpaka wa pili wa ahadi ni kwamba iliifunga CIA tu. Juni 2024 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba jeshi la Marekani, kuanzia mwaka 2020 hadi katikati ya 2021, liliendesha akaunti bandia mitandaoni kuwatia Wafilipino shaka juu ya chanjo ya UVIKO-19 iliyotengenezwa China, kwa nia ya kupunguza ushawishi wa China. Kampeni hiyo ilisambazwa pia Asia ya Kati na Mashariki ya Kati, ambako Waislamu waliambiwa kwamba chanjo ile ina jelatini ya nguruwe. Wizara ya ulinzi ilikiri kwamba ilitumia mitandao kuipinga China. Ofisi ilikuwa nyingine na adui alikuwa mwingine, na waliopangiwa kubeba gharama walikuwa tena wazazi na wahudumu wa nchi ambazo hazikuwa na mtu mezani.